Kiti cha Kijana wa Boshori

Mhadhiri aliyeniajiri alifika Migori na nadharia iliyokamilika, lakini hakuwa na mahali pa kulala. Kwao ni Uriri, si mbali na mjini, na mama yake yuko hai, mzima, ana nyumba ya matofali yenye vyumba vya kutosha. Tatizo ni kwamba kwetu Waluo kijana wa kiume akishakua halali tena chini ya paa la mama yake. Hujijengea simba, yaani kijumba chake mwenyewe karibu na lango la boma. Mhadhiri alizaliwa Nairobi, akasoma, akasoma tena, akavuka miaka arobaini bila kujenga. Kwa hiyo kila alipokuja kutafiti uanaume alilala hotelini, na jioni mama yake alimtumia chakula kwa bodaboda, ndani ya hotipoti iliyofungwa kwa leso.

Ninalitaja hili mapema kwa sababu yeye hakulitaja popote.

Utafiti wake ulihusu vijana wanaoimba drill, ule muziki wa kufokafoka wenye besi nzito inayoteleza, uliozaliwa katika mitaa ya nchi za baridi na sasa umefika mpaka Oyugis. Waimbaji wake huvaa boshori, kofia ya sufu inayofunika uso wote isipokuwa macho, na majaketi manene yaliyotuna kama mto wa kulalia. Hunyooshea kamera vidole kama bastola na kuwatisha maadui zao. Mhadhiri alikuwa ametazama video zao zote akiwa Nairobi na kufikia hitimisho. Kilichobaki kilikuwa kuja kuwauliza.

Nami kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nilikuwa nimesoma habari kwa miaka kadhaa kwenye redio ya hapa kwetu, habari za mifugo iliyoibwa na mabaraza ya chifu, na redio ilinizoesha kuuliza nani, wapi na lini kabla ya kuuliza kwa nini. Mhadhiri alianzia kwa nini. Hayo mengine, alisema, yatajipanga yenyewe.

Kundi tulilolifuata lilikuwa la vijana watatu, na kiongozi wao alikuwa kinyozi mjini Oyugis. Tulimkuta akimnyoa mzee mmoja ndevu, akimshika kidevu kwa vidole viwili taratibu, kama mtu anayeshika yai. Wenzake wawili walikaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi. Wa pili alikuwa mnene, na katika miezi yote niliyofanya kazi ile sikumbuki alisema neno ila kuulizia chaji ya simu. Wote walielewa Kiswahili, hivyo nilidhani sitakuwa na kazi kubwa zaidi ya kufasiri Kidholuo cha kwenye nyimbo zao na Sheng ya kwenye mazungumzo. Baadaye niligundua kwamba kazi yangu hasa ilikuwa kukitafsiri Kiswahili cha mhadhiri.

"Unapoficha uso wako," mhadhiri alimuuliza kinyozi yule mzee alipokwisha kutoka, "unajihisi vipi, mwilini, kama mwanamume?"

Kinyozi alinitazama.

"Anauliza ukivaa boshori unasikia nini," nikasema.

"Joto," kinyozi akajibu.

"Joto," mhadhiri akarudia, akitikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo. "Joto la hasira?"

"La jua, Daktari. Hapa si Limuru."

"Basi mbona unalivaa?"

"Mathe ako kwa kwaya," akasema kinyozi. "Na huyo mzee umemwona akitoka, ni mzee wa kanisa. Kila wiki nashika hiyo kidevu. Akijua ni mimi naimba vile naimba, atapeleka kidevu kwingine."

Yule mrefu akacheka mpaka akapiga benchi. "Omera, sema ukweli! Hata mimi mathe akinijua, jioni sili."

Mhadhiri aliandika kwa muda mrefu. Usiku ule alinitumia alichoandika ili nihakiki. Kilisema kwamba boshori ni chombo cha mamlaka, kwamba anayeona bila kuonekana anautawala mtaa, na kwamba kutokuwa na uso ndiyo ngome ya mwisho ya uanaume wa kibabe. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimesikia habari za mama na kwaya. Akasema hiyo ilikuwa ngazi ya juu tu ya maelezo. Mtafiti huchimba chini yake.

Aliendelea kuchimba. Alivutiwa mno na jaketi jekundu lililoonekana kwenye video ya kundi letu na pia kwenye video ya wapinzani wao wa upande wa pili wa stendi. Alilieleza kama ngawira ya vita, nembo ya adui iliyoporwa na kuvaliwa hadharani ili kumdhalilisha. Niliuliza. Jaketi lilikuwa la mama mmoja muuza mitumba, ambaye hakupata mnunuzi kwa sababu ya hali ya hewa, basi akawa anawaazima makundi yote mawili. Siku ile wapinzani walipolivaa haikuwa uporaji.

"Ilikuwa Alhamisi yao," alisema yule mrefu. "Sisi ni Jumanne. Na ukilirudisha na jasho, anakufokea wewe hata mtoto anakimbia."

Uadui wenyewe nao niliuulizia. Kuna mstari kwenye wimbo wao unaosema aliyevuka mpaka atalipa. Mhadhiri aliuona hapo mtaa, himaya, damu. Mpaka wenyewe ulikuwa wa shamba la mahindi, na aliyeuvuka alikuwa mjomba wa kiongozi wa lile kundi la pili, aliyehamisha ua wa mimea usiku akiongeza mistari michache ya mahindi upande wake. Kesi ilikuwa kwa chifu. Wimbo ulitungwa kwa sababu chifu alikuwa anachelewa.

Mara moja mhadhiri aliamua kuja Jumamosi, kwa sababu alitaka kuwaona vijana hao katika starehe zao za wikendi. Duka la kinyozi lilikuwa limefungwa, na chumba cha kurekodia pia. Tuliwakuta kanisani, kwa maana wote watatu ni wa familia zinazoshika Sabato, mashati meupe yamepigwa pasi mpaka mikononi, na kinyozi akiimba besi kwenye kwaya, mstari mmoja nyuma ya mama yake. Ijumaa jua likizama, hakuna drill mpaka Jumamosi jua lizame tena. Nilimwona mhadhiri akisimama mlangoni na kinasa sauti chake. Ndani ya gari aliniambia kwamba tulichoona ni uanaume uliovunjika vipande.

Siku iliyofuata yule mrefu alimuuliza swali. Aliuliza kwa nia njema kabisa, akimpa kiti.

"Daktari, si wewe ni wetu, wa Uriri?"

"Ndiyo."

"Na umejenga?"

"Bado."

"Sio nyumba kubwa. Simba tu."

"Nimesema bado."

Kinyozi alizima mashine yake. Yule mrefu akashusha sauti kama mtu aliyefika matangani akiwa amechelewa. "Pole sana, Daktari," akasema. "Itakuwa sawa."

Katika maelezo ya siku hiyo niliona sentensi inayosema kwamba wahojiwa walionyesha uhasama kwa mtafiti.

Jambo lililonifanya niifuate habari hii hadi mwisho halikuwemo katika maswali ya mhadhiri. Kinyozi alinieleza mwenyewe mchana mmoja mvua ikinyesha, akifagia nywele sakafuni. Alitaka kuoa. Msichana alikuwa mwalimu wa chekechea upande wa Kasipul, walikuwa wamekubaliana, mshenga alikuwa ameshakwenda kwao mara mbili na baba hakuwa na neno. Jibu lililobaki lilikuwa la mama wa msichana. Na mama huyo alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, mtu anayejulikana kuanzia Oyugis hadi ufukweni, na alikuwa amesema waziwazi kwamba ana habari za vijana wanaofunika nyuso na kutisha watu kwenye simu.

"Alisema binti yake hatampikia mtu ambaye uso wake haujulikani," kinyozi alisema.

"Anajua ni wewe?"

"Anajua ni kinyozi wa Oyugis. Hajui ni mimi ndani ya boshori. Na uso wangu pia haujui."

"Hajakuona hata siku moja?"

Alinishangaa, kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa Nairobi. "Madam, huyo ni mamamkwe wangu, Mungu akipenda. Nitasimama mbele yake aje? Akipita hii barabara, mimi naingia nyuma ya pazia. Juzi nilimwacha mteja na nusu ya kichwa."

Hapo ndipo mkasa wake ulipokuwa. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani ana kwa ana, hawaketi pamoja, na kula pamoja ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Mwenye adabu huanza kujizuia mapema, kabla mahari haijatajwa. Kwa hiyo mama alikuwa anataka kuujua uso ambao heshima kwake ndiyo iliyokuwa ikiuficha. Na kama angejua kwamba uso huohuo hufichwa pia kwa sababu ya pili, mshenga asingehitaji kurudi.

Mhadhiri alikuwa anaandaa kongamano la kurudisha matokeo kwa jamii. Lilifanyika Homa Bay, katika ukumbi wa hoteli moja kando ya ziwa, na vijana walialikwa kuimba. Kinyozi alikubali kwa sababu Homa Bay ni mbali na kwao na aliahidiwa kwamba watavaa boshori muda wote. Mhadhiri aliafiki kwa furaha. Bila boshori picha zisingekuwa na maana. Viongozi wa akina mama walioalikwa nao walichaguliwa na watu wengine huko maofisini. Mimi nilimtambua yule mama kwenye lango, akishuka na mkoba wake mweusi na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, kwa sababu nilishawahi kumhoji enzi za redio. Nilikwenda nyuma ya ukumbi ambako vijana walikuwa wanavaa.

"Mamamkwe wako yuko hapa," nikamwambia kinyozi.

Alikaa chini juu ya spika.

"Yawa," alisema yule mrefu. "Twende nyumbani."

"Jina letu liko kwenye programu," akasema kinyozi. Akavuta boshori mpaka shingoni, akavaa na glavu za sufu, ambazo siku nyingine huwa haziko. Jaketi jekundu lilikuwa lake siku hiyo. Walikuwa wameomba Jumanne isogezwe.

Waliimba vizuri, nadhani. Sauti ya kinyozi ilikuwa ndogo kuliko kawaida, na kila ulipofika mstari wa kunyoosha bastola ya vidole, aliielekeza darini. Mhadhiri alilitaja hilo dakika chache baadaye mbele ya picha zake ukutani: bastola iliyoelekezwa juu, alisema, ni changamoto kwa mamlaka ya kimungu. Wazee wawili wa mbele walitazama dari.

Kisha alieleza matokeo. Uanaume wa drill, alisema, unakwepa ukaribu. Unamwogopa mwanamke, hasa mwanamke mzee, kwa sababu mbele yake kijana hurudi kuwa mtoto. Ndiyo maana alikuwa amepanga meza za chakula kwa namna ya pekee: kila meza kijana mmoja, na ubavuni pake mama mmoja, wazungumze na kula pamoja. Aliziita meza za uponyaji.

Karatasi za majina zilikuwa zimewekwa kwenye sahani. Nilizunguka haraka kuzitazama, na sikuwahi. Mama alikuwa ameshaketi, na kiti kilichobaki ubavuni pake kilikuwa na jina la kisanii la kinyozi.

Kinyozi alikuja mpaka hatua tatu hivi kutoka kwenye meza akasimama. Wahudumu walikuwa wanapita na birika la maji ya kunawa na sahani za samaki wa kukaanga, ugali ukitoa mvuke. Mama alinawa, akajifuta, akamtazama kijana mwenye jaketi.

"Keti, mtoto wangu. Samaki anapoa."

"Niko sawa, mama."

"Huli?"

"Niko sawa."

"Basi vua hizo glavu unawe, hata kama utakula kidogo."

Kinyozi aligeuka polepole mpaka akawa anatazama ukuta, ambapo kulikuwa na kalenda ya duka la vyuma. Aliisoma kalenda ile kwa makini.

Mama alikasirika, niliona mkono wake ukienda kwenye mkoba. Mhadhiri alikuwa ameshika maikrofoni. "Tuuangalie mwili wake," alisema kwa sauti ya chini ya msisimko, kama mtangazaji wa mpira wakati wa penalti. "Anakataa kiti. Anampa mama mgongo. Hii ndiyo niliyoiita kujitenga kwa mbabe."

Watu wakaanza kutikisa vichwa, na mhadhiri akafurahi. Lakini mimi nilikuwa natazama vichwa vyenyewe. Mzee mmoja alimgusa mwenzake kiwiko. Mama mmoja wa meza ya dirishani alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Kijana anakataa kuketi karibu na mama fulani, hataki kula mbele yake, anamficha uso, na anaongea naye kwa sauti ya mtu anayejibu hodi akiwa chooni. Ukumbi mzima ulikuwa unaisoma habari ile, meza baada ya meza, na boshori halikuwa linazuia chochote. Adabu yake ndiyo ilikuwa inamvua.

Mama aliuacha mkoba. Aliuangalia mgongo ule mwekundu kwa muda.

"Wewe ni wa wapi?" akauliza, sauti imebadilika.

"Oyugis, mama," kalenda ikajibiwa.

"Na Oyugis unafanya kazi gani?"

Kinyozi akarudi kuisoma kalenda. Na hapo yule mrefu, ambaye alikuwa meza ya jirani ameshika mkia wa samaki, aliona rafiki yake ameshindwa kujibu swali rahisi, akaamua kumsaidia.

"Ni kinyozi, mama!" akasema kwa fahari. "Mzuri sana!"

Hakuna aliyecheka. Hata yule mnene aliacha kutafuta mahali pa kuchomeka chaji. Mama alimtazama yule mrefu, akautazama mgongo, akarudisha kipande cha ugali alichokuwa amekikata sahanini. Nilifikiri sasa atasema mbele ya watu wote yale aliyoyasema mbele ya mshenga. Kinyozi naye alifikiri hivyo, maana mabega yake yalipanda mpaka yakagusa boshori.

Mama alisimama. Alichukua sahani yake kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, akapita nyuma ya viti kwa kuzunguka njia ndefu, ile isiyopita karibu na kinyozi, akatoka hadi barazani. Akaketi kwenye kiti cha plastiki kinachotazama ziwa, mgongo wake kwetu, akaendelea kula.

"Mnaona?" mhadhiri alisema kwenye maikrofoni, na nadhani alikuwa karibu na machozi. "Mwanamke amesukumwa nje." Kisha akanigeukia mimi, bila maikrofoni. "Nenda umuulize. Nataka maneno yake. Anajihisi vipi kufukuzwa mezani?"

Nilikwenda. Mama alikuwa anatoa mwiba kwa ncha za vidole.

"Daktari anauliza unajihisi vipi," nikasema.

"Mwambie nimepata mahali penye hewa." Akala. Kisha, bila kugeuka, "Na yule mwingine mwambie ale. Mimi siko pale tena."

"Nitamwambia."

"Hilo boshori alipandishe hadi puani, atakufa na joto, halafu watu waseme kwetu wakwe wanakufa." Alisema neno wakwe kama neno la kawaida, akalifuata na kipande cha samaki. "Kile kidole cha bastola nacho, anamlenga nani? Aache. Na mshenga wake asije Jumamosi. Jumamosi tunasali. Aje Jumapili."

Nilirudi ndani na ujumbe wa watu wawili. Mhadhiri nilimpa wake: amesema amepata mahali penye hewa. Aliuandika, akaupigia mstari. Kwa kinyozi nilisimama karibu na kalenda nikamwambia neno kwa neno, pamoja na Jumapili. Alivua glavu, moja, halafu nyingine, akazitia mfukoni mwa jaketi la watu. Akakigeuza kile kiti kitazame ukuta, akaketi, akapandisha boshori hadi puani, akanawa, na akala samaki mzima mpaka kichwa. Kisha akaomba mchuzi.

Mhadhiri alimpiga picha akila. Picha hiyo amekwenda nayo mbali. Nimeambiwa imeonyeshwa kwenye makongamano ya watu wenye vitambulisho shingoni, na maelezo yake ni kwamba mbabe hula peke yake baada ya kumiliki meza. Uriri bado hajajenga, na mama yake sasa amenunua hotipoti kubwa zaidi.

Kinyozi ameoa. Sikuwepo siku ya kikao cha kwanza, lakini yule mrefu alikuwepo na alinieleza yote, hata ambayo sikuuliza. Mama alizipokea zawadi kwa mkono wa dada yake, akiwa jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Siku hizi akitaka kumsalimu mkwe wake humtuma mjukuu, na kinyozi akienda kule huingia kwa lango huku kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Wanaheshimiana sana. Binti yake anampikia kila siku, na uso wa huyo anayepikiwa, mama hajauona mpaka leo.